Kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji: yaliyotupata tulipokwenda kujenga Missenyi

Mleta mada ameuliza kama vijana 30 wa kanisa lake wanaweza kwenda Kigoma kwa siku 7 na kurudi wakiwa wamewajengea wajane wawili nyumba za kudumu, na ameomba ajibiwe na waliowahi kuifanya kazi hiyo. Mimi nimekwenda mara mbili mkoani Kagera na kikosi cha vijana wa usharika wetu wa Mwanza, mara zote mbili nikiwa katibu wa safari, kwa hiyo mahesabu, simu na lawama vyote vilipitia kwangu. Nitaeleza zaidi safari ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyoharibika.

Wengi mnalikumbuka tetemeko la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa wilayani Missenyi karibu na mpaka wa Uganda. Watu 17 walifariki, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Nyumba nyingi tulizozikuta kijijini zilikuwa za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, bila lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya kuta), na fundi mkuu wa pale alituonyesha kwa kidole jinsi zilivyoanguka kwa mtindo mmoja: kwanza pembetatu ya ukuta iliyo chini ya paa, ambayo haijashikwa na kitu, kisha kona zikaachana, kisha ukuta mzima ukalala nje. Matofali yenyewe mengi yalikuwa mazima, hayana hata ufa. Kilichokosekana ni kiungo kati yao na mkanda wa zege wa kuzifunga kuta nne ziwe kitu kimoja.

Usharika wetu ulichangisha fedha kuanzia Novemba, na safari ikapangwa kuanza Jumatatu ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 2017, kwa sababu ndipo vijana wengi waliweza kupata ruhusa kazini na vyuoni. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa langu. Anayeijua Bukoba anajua kwamba Aprili ni kilele cha masika katika eneo ambalo hata kiangazi chake hakikauki sana. Tulikuwa 22. Meli ya MV Victoria ilikuwa haifanyi kazi miaka ile, kwa hiyo tulikwenda kwa basi la kukodi, tukavuka kwa kivuko Kigongo hadi Busisi, tukapita Geita na Biharamulo, tukafika usiku wa manane mvua ikinyesha.

Jumanne asubuhi tukaanza kuchimba msingi. Mama tuliyekwenda kumjengea alikuwa na umri unaokaribia miaka 70, mjane, akiishi chini ya turubai katikati ya migomba tangu Septemba. Jina lake tulikuwa tumelipata kwa simu kutoka kwa wenyeji wetu, tukalipigia kura kwenye kikao cha vijana Mwanza, tukaomba. Hakuna kati yetu aliyekuwa amezungumza naye. Alitupokea kwa furaha, akatutazama tukikita vigingi na kuvuta kamba, hakusema neno.

Jumatano mchana alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu, akiwa na wazee wawili. Hawakupiga kelele. Walisalimia mmoja mmoja, wakakaa juu ya rundo letu la mawe, na shemeji akasema: "Wanangu, karibuni sana. Tunaona mnavyochoka kwa ajili yetu, Mungu awabariki. Lakini hicho kibanja mnachochimba ni cha ukoo. Aliyewapa ruhusa ni nani?"

Tukatazamana. Ruhusa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mchungaji wetu.

Nataka mleta mada aelewe hoja ya mzee huyo, maana wakati ule sisi tulimwona kama mdhulumu tu, na ni rahisi kuisimulia hadithi hii hivyo. Kwa Wahaya kibanja si shamba tu. Humo mna nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya waliotangulia. Nyumba ya udongo na matofali mabovu haimtishi mtu, kwa sababu inakwisha na mwenye kuishi humo. Nyumba ya saruji na mabati mapya ni kitu kingine: inadumu, ina thamani, na mtu anaweza kuidai. Mama alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyeolewa Karagwe. Shemeji aliogopa kwamba siku mama akifariki, binti angeiuza nyumba pamoja na ardhi yake kwa mtu asiye wa ukoo, na kanisa kutoka Mwanza ndilo lingekuwa limeipandisha bei.

Tulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akisoma sheria, na damu ikamchemka. Alisimama akaeleza, kwa ufasaha kabisa, kwamba jambo hilo liliamuliwa mwaka 1990 na Mahakama Kuu ya Mwanza katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, kesi iliyotoka hukohuko Kagera, ambapo Jaji Mwalusanya alitamka kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawasawa na mwanamume. Akaongeza kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Mzee mkubwa kati ya wale wawili alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema polepole: "Mwanangu, hayo ni ya mahakamani. Ninyi Jumapili mnaondoka. Mama huyu anabaki na sisi."

Hapo ndipo sululu ziliwekwa chini.

Alhamisi nzima tulikaa kikaoni, kwenye sebule ya mzee wa kanisa mwenyeji: wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji, mwinjilisti, mimi na wenzangu wawili, na mama mwenyewe. Kilizungushwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani kisha ikakaushwa, na nashauri kila kijana afundishwe mapema kuipokea, kwa sababu mmoja wetu alifikiri ni karanga, akatema. Saa mbili za kwanza hakuna aliyetaja nyumba. Yalizungumzwa marehemu, deni la zamani la mbuzi, na mpaka wa kusini wa kibanja. Mimi nilikuwa nikiangalia saa na kuhesabu mishahara ya mafundi waliokaa bure, nikiona wanatupotezea muda. Baadaye nilielewa kwamba mambo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiamuliwa, nyumba ilikuwa imeyafufua tu.

Mwishowe mwenyekiti akamgeukia mama akamwuliza yeye anasemaje. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba hana nia ya kuuza wala kuhama, anataka kufia pale na kuzikwa pale. La pili lilituvunja nguvu: kwamba vigingi vyetu vilikuwa vimepita karibu mno na kaburi la mumewe, na kwamba tangu Jumanne alikuwa akitafuta namna ya kutuambia bila kutuaibisha, sisi wageni tuliotoka mbali. Kaburi lilikuwa halina msalaba wala saruji. Tulikuwa tunaliona kila siku tukidhani ni tuta la viazi.

Kikatoka kitu ambacho ndicho jibu langu kuu kwa mleta mada: muhtasari wa kikao wa ukurasa mmoja na nusu, ulioandikwa kwa mkono, ukasainiwa na wahudhuriaji wote, ukapelekwa kwa afisa mtendaji wa kijiji akaugonga muhuri. Ulisema kwamba mama ataishi katika nyumba hiyo maisha yake yote na hakuna atakayemwondoa. Kwamba binti yake ataendelea kuitumia baada yake. Na kwamba ikitokea siku ya kuuza, ukoo utaulizwa kwanza, kwa bei ya haki. Mwanasheria wetu alinung'unika kuwa kipengele cha mwisho kinaipunguza haki ya binti, na pengine alikuwa sahihi. Binti mwenyewe, tulipompigia simu, alisema anakubali. Karatasi hiyo haikugharimu chochote isipokuwa siku moja, na ingeweza kuandikwa Januari kama tungemtuma mtu mmoja tu kwa nauli ya basi.

Ijumaa tuliukita msingi upya, hatua ishirini na tano kutoka pale pa mwanzo. Sasa niseme kuhusu mikono ya vijana, kwa kuwa mleta mada anaitegemea sana. Lori la matofali lilikwama kwenye tope zaidi ya mita mia tatu kutoka kibanjani. Vijana wetu na wa kijijini walisimama mstari mmoja kupita katikati ya migomba, na matofali yakaanza kupita mkono kwa mkono, huku mwimbishaji wa kwaya akitoa sauti na kila tofali likishuka kwenye pigo la wimbo. Mvua ilinyesha na hakuna aliyetoka kwenye mstari. Kufikia saa kumi na moja jioni lori lilikuwa tupu. Kazi hiyo mafundi wanne wasingeiweza kwa siku tatu. Kuchota maji, kusogeza mawe, kuchekecha mchanga, kuchimba shimo la choo: humo mtu asiye na ujuzi anafaa kweli.

Kujenga ukuta ni jambo jingine. Jumamosi fundi, kwa heshima tu nadhani, aliwaachia vijana wanne upande mmoja wa nyumba. Matofali ya kuchoma hulowekwa kwenye pipa la maji kabla ya kujengewa, la sivyo yanaifyonza saruji maji yake kabla haijashika. Vijana waliona pipa, wakaona mvua inakaribia, wakaona kulowesha ni kuchelewa, wakayachukua makavu kutoka chini ya turubai. Mistari mitatu ilipanda, imenyooka vizuri, wakapiga picha. Jumapili asubuhi kabla ya ibada fundi aliniita, akashika tofali la juu kwa vidole viwili akalinyanyua kama mtu anayeokota kikombe mezani. Chini yake palikuwa na unga. "Katibu," akasema, "ukuta kama huu ndio ulioanguka Septemba." Mifuko miwili ya saruji ilipotea hapo.

Kwa hiyo nyumba hatukuimaliza sisi. Tuliondoka Jumapili tukiacha msingi, mistari michache na aibu. Mafundi wa kijijini waliimaliza kuanzia Juni mvua zilipopungua, kwa fedha tulizotuma kwa awamu, kila awamu baada ya picha na simu ya mwinjilisti. Tena fedha ziliisha kabla ya choo, kwa sababu nauli, chakula na malazi ya watu 22 vilikuwa vimekula zaidi ya theluthi moja ya mchango. Mama alihamia nyumba mpya akiendelea kutumia choo cha jirani kwa miezi minne. Hilo hatukulisoma kwenye taarifa ya usharika, na nilipaswa kulisoma.

Safari ya pili ilikuwa Julai 2018, kijiji cha jirani. Tulikwenda 9 badala ya 22. Kikao cha ukoo kilikuwa kimefanyika Machi. Mafundi walikuwa wamekwisha kupandisha kuta na kumwaga lenta wiki nne kabla, maana zege linahitaji kumwagiliwa maji siku saba za mwanzo, na nguvu zake kamili huhesabiwa kwa siku 28. Anayechimba msingi Jumatatu na kupaua Jumamosi ya wiki hiyohiyo anaweka kenchi, yaani mbao za kubeba paa, juu ya kitu kibichi. Sisi tulichimba choo, tukabeba mbao, tukawasaidia mafundi kupaua, tukapiga lipu chumba kimoja chini ya macho ya fundi. Mwenye nyumba na wanawe walifanya kazi pamoja nasi tangu siku ya kwanza. Utaratibu wa mwenye nyumba kutoa jasho lake si mgeni kwetu: Habitat for Humanity, shirika la Kikristo la ujenzi wa nyumba linalojulikana dunia nzima, liliundwa Marekani mwaka 1976 baada ya waanzilishi wake, Millard na Linda Fuller, kuujaribu Mbandaka, Zaire, kuanzia mwaka 1973.

Basi mleta mada, kwa siku 7 na watu 30 mimi ningejenga nyumba moja, si mbili, na ningepeleka watu 10. Fedha za nauli za wale 20 zitatosha choo, na pengine tangi la maji ya mvua. Watakaokwenda wapate chanjo ya pepopunda, kwa maana misumari ya mbao za zamani haichagui. Kwetu msumari ulimchoma mpishi. Wapishi pia waajirini kijijini na kuwalipa, msiwatwishe akina mama wa usharika mwenyeji watu 30 wa kulisha bure wakati wao wenyewe wana nyumba zilizopasuka. Ulizeni mapema nani ana neno juu ya ardhi hiyo, na mwulizeni mama mwenyewe, akiwa peke yake na mwanamke mwenzake, mbali na wachungaji na wazee, anataka nyumba isimame wapi.

Nakala ya muhtasari wa 2017 ninayo kwenye faili nyumbani. Nikifika mwisho wa wiki nitaupiga picha, nitafuta majina na saini, niuweke hapahapa ili muone ulivyoandikwa.