Tumia P^, siyo P

Ndugu, ili kusoma baiti 1024 ulichoandika ni Stream.Read(P, 1024), ukitarajia data iingie pale P inapoelekeza, maana P ni pointa, yaani kigezo kinachoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Haiingii huko. Katika lugha ya Delphi, paramita ya Read imetangazwa var Buffer bila aina yoyote, kwa hiyo kompaila inachukua anwani ya kitu kilekile ulichokitaja. Ukitaja P, data inaandikwa juu ya P yenyewe, ambayo ni baiti 4 tu (8 kwenye programu ya biti 64), halafu zilizobaki zinafunika majirani zake kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana programu inaanguka baadaye, mahali pasipohusika kabisa.

Andika Stream.Read(P^, 1024); P^ maana yake ni kile ambacho P inakielekeza. Move (ya kunakili kumbukumbu) na FillChar (ya kuijaza) nazo zina tabia hiyohiyo: kwa safu ya urefu unaobadilika taja A[0], kwa stringi S[1], na hakikisha kwanza kwamba si tupu.

Ukiandika prosija zako mwenyewe, tafadhali weka aina: var R: TMteja. Hapo kompaila inakataa kitu chochote ambacho si TMteja, na kosa unaliona kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Pointer isiyo na aina mimi ningeiacha kwa kazi mbili: kuita maktaba za C zinazodai void* (pointa isiyo na aina ya C), au pale nil (pointa isiyoelekeza popote) inapokuwa jibu halali. Hata hapo pitisha na ukubwa wa bafa (eneo la kumbukumbu la kuwekea data), maana pointa isiyo na aina haijui inaelekeza baiti ngapi.