Mleta uzi, Jumamosi usimfunge nira huyo maksai

Narudia kichwa cha habari kwa atakayekuja kusema hakuona: Jumamosi usimfunge.

Umeandika kwamba maksai wako wawili umewatoa mnadani, mmoja mpole, mwingine hata kuvikwa kamba ilibidi ashikwe na vijana wanne. Na jirani yako kakushauri Jumamosi hii huyo mkali umfunge nira moja na maksai mzee, umchape mpaka achoke, akichoka atanyooka. Kisha ukauliza plau gani ununue, kiangazi hiki uwalishe nini, na mafunzo yanachukua muda gani. Plau isubiri. Mimi nilipofika kwenye "mpaka achoke" chai ilinipoa mkononi, maana maneno hayo hayo niliuziwa mwaka 2019 kwa shilingi 40,000 na jogoo juu.

Niko Usangu, Mbeya, upande wa Igurusi. Nilikuwa na maksai mwekundu wa miaka mitatu, nikamwita Radi. (Chekeni tu. Ukimwita mnyama Radi usishangae akipiga.) Kiangazi kizima nilizembea, mvua za Novemba zikanikuta sijamshika hata kamba. Majirani washaanza kulima majaruba ya mpunga, mimi nazunguka zizi. Ndipo nikaletewa fundi wa kufunza maksai. Akamtazama Radi kama anavyotazamwa mdeni, akatema mate, akasema: "Ng'ombe hafundishwi, ng'ombe anachoshwa." Nikaona hapa nimepata profesa.

Tukaazima maksai wa jirani, mzee mtulivu aliyelima misimu zaidi ya mitano. Radi tukamwangusha kwa kamba, tukamvika nira, na siku hiyo hiyo tukafunga plau nyuma. Siku hiyo hiyo, wakuu! Mnyama ambaye hajawahi kuongozwa hata kwenda kunywa maji, tunamfungia chuma kinacholia mgongoni. Ng'ombe macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja. Huko kuna giza. Kitu kinacholia gizani na kumfuata kila akisogea, kwake huyo ni simba tu.

Radi akasimama akitetemeka. Fundi akachapa. Radi akaenda hatua mbili, hatua mbili nzuri kabisa, mpaka leo naziona. Fundi akachapa tena. Akalala chini, akachapwa. Akainuka, na safari hii hakwenda, alipaa. Yule mzee wa watu akavutwa shingo upande, plau ikawa inaruka nyuma yao kama kopo lililofungwa kwenye mkia wa mbwa. Mimi kwa ushujaa nisioujua ulikotoka nikashika mnyororo. Kidole changu cha shahada kilipindia hapo, na hakijarudi: nikimwelekeza mgeni njia, anafika nyumba ya pili.

Nira ilikatika kwenye tuta. Lakini kabla haijakatika, plau ilimpiga maksai mzee mguu wa nyuma na kukata ukano. Ng'ombe wa kuazima. Alisimama kwa miguu mitatu, ametulia vile vile kama kawaida yake, anatusubiri tuseme "twende". Hiyo ndiyo sehemu nisiyoisimulia nikiwa na wageni.

Akachinjwa jioni ile. Mwenyewe alitaka 900,000, bucha akatoa 480,000, tofauti nikajaza mimi. Ekari zangu 3 nikalimiwa na pawatila (kale katrekta ka mkono) kwa kuchelewa, mpunga ukatoa mbegu ukakutana na ukame wa mwisho wa msimu. Fundi nilipomfuata akaniambia Radi ana asili mbaya, niuze. Yaani mtu anakuunguzia nyumba halafu anakulaumu kwa kununua kiberiti. Jogoo wangu naye alishamla.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kuna kitu. Miezi kadhaa baadaye nikampata mzee mmoja aliyewahi kupitia mafunzo ya wanyamakazi kule Uyole, kwenye kituo cha kilimo, zamani. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamaliza kwa kusema "mzee, huyu hafundishiki." Akanijibu: "Mwanangu, mbona mlishamfundisha. Mlimfundisha kwamba akitii anapigwa, akikimbia nira inakatika na fimbo inaisha. Kajifunza kwa siku moja. Huyo ana akili."

Nilikaa kimya, maana zile hatua mbili zilinirudia.

Basi kanuni yangu ni moja na nitaipigia kelele humu mpaka mnifungie: legeza papo hapo anapokubali. Siyo baada ya hatua kumi, siyo ukishamaliza kujisifia. Kamba ikaze ukiomba, ilegee sekunde anayojibu. Kulegea ndiko kunakomwambia "ndiyo, hivyo hivyo". Fimbo haiwezi kumwambia hilo.

Mzee alinionyesha chini ya mwembe. Kamba ya pembeni, urefu kama mita nne, hakuna nira, hakuna plau, hakuna watazamaji (vijana wa kushangilia aliwafukuza). Hakusimama mbele kuvuta. Uzito wangu ni kilo 64, wa Radi karibu 300, kuvutana uso kwa uso ni vichekesho. Alisimama usawa wa bega, mahali anapoonekana, akavuta kidogo kwa pembeni, kisha akabaki hivyo hivyo. Hakuongeza, hakupunguza. Radi akakaza shingo, weupe wa jicho nje, mkia umebana. Tukakaa. Sikio la kushoto likageuka kwa mzee. Halafu uzito ukahama, ukwato wa mbele ukainuka nusu shibiri na kutua pembeni. Kabla haujatua vizuri, kamba ilishalegea mpaka inagusa majani. Mzee hakusema neno. Radi akashusha kichwa, akapiga pumzi ndefu.

Mara ya tano alifuata bila kuvutwa. Mimi hapo natafuta pa kuficha uso.

Dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, basi. Akishtuka kweli kweli, acha, mpe nusu saa au zaidi damu ipoe. Anayehema na kuharisha hasikii somo lolote. Ukimwona anacheua ukiwa umesimama kando yake, hapo endelea. Radi aliyeharibiwa na sisi alichukua siku kumi na moja kufuata kamba iliyolegea. Baada ya hapo nira tupu akiwa peke yake, tena nira iliyolainishwa, isiyochubua shingo. Kisha na mwenzake, upande ule ule kila siku, wa kulia abaki kulia. Kisha gogo jepesi, na kabla ya kufungwa tuliliburuta sisi wenyewe mbele yake, pembeni, mwisho nyuma, azoee mlio. Plau ilikuja wiki ya sita. Wako anaweza kuwahi zaidi, hajafundishwa ujinga bado, ila ukifika Jumamosi na kiboko sijui.

Na usiniambie huna muda. Sasa hivi ni Julai, mvua Usangu si leo. Mimi ndiye niliyekuwa sina muda, Novemba, na tope miguuni.

Jirani yako mwambie asante, kisha mwulize yule maksai mzee anayetaka mumfungie naye ni wa nani. Kama ni wake, nitaamini anaamini anachosema.

Chakula: mabua ya mpunga na pumba, maji ya kutosha, wasiingie mvua mbavu nje. Kuna kitu kingine uliuliza, nimekisahau. Nipandishe juu nisome? Hapana, Radi analia zizini, huu ni muda wa kwenda mtoni na nikichelewa anakuja mwenyewe kwenye dirisha la jikoni.