Blue Heron Bridge: Kina Kifupi, Saa Fupi

Waliomaliza kozi ya kuzamia juzi juzi hapa Florida huniuliza waanzie wapi bila kulipia boti. Jibu langu halibadiliki: chini ya daraja la Blue Heron, kwenye bustani ya Phil Foster, Riviera Beach. Unaegesha gari, unavaa vifaa vyako kivulini, unatembea mpaka maji ya kiuno, unavaa mapezi na kuzama. Sehemu kubwa ni mita 2 hadi 6.

Ila pale saa ya kuzamia huipangi wewe, inapangwa na maji. Daraja limekaa ndani ya Lake Worth, ambayo licha ya jina lake ni hori ya maji chumvi, na bahari ya Atlantiki huingia humo kwa mlango ulio jirani na kisiwa cha Peanut Island. Maji yakijaa yanakuja safi kutoka baharini. Yakianza kupwa, yanarudi na tope lote la ndani, na mkondo kati ya nguzo unakuwa wa kukimbizana nao. Kwa hiyo ingia kama nusu saa kabla maji hayajajaa kabisa, na yakishatulia anza kufikiria kurudi. Msomaji wa Unguja au Mombasa ataona jedwali la maji kujaa na kupwa linasema maji yanapanda karibu mita 1 tu, naye kazoea bamvua la mita 3 na zaidi, acheke. Asicheke. Nguvu ya mkondo hapa inatokana na wembamba wa njia.

Soma jedwali la ndani ya hori, si la ufukwe wa nje, kwa sababu ndani maji huchelewa kujaa. Kila siku saa ya maji kujaa inasogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo wakati uliokufaa Jumamosi hii hautakufaa ijayo. Na kama bado kichwa kinahesabu saa za nyumbani, kumbuka 10:15 ya jedwali ni saa nne na robo.

Jambo la pili ni kuelea. Watu hudhani kina kifupi ni chepesi kwa mwili, kumbe hapo ndipo hewa inapobadilika haraka zaidi. Ukipanda kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo ndani ya jaketi la kuelea na mapafu inataka kuwa maradufu. Hata mita moja na kidogo inatosha kuumiza mapafu ya aliyebana pumzi, basi usibane kamwe. Masikio nayo yasawazishe tangu mita ya kwanza, kabla hayajauma.

Risasi za mkanda, yaani vile vizito vya kiunoni vya kukuzamisha, zipime mtungi wa hewa ukiwa karibu kuisha, kwa sababu mtungi wa alumini wa kawaida hupoteza zaidi ya kilo 2 za hewa. Aliyepima ukiwa umejaa, mwishoni anajikuta anaelea kama kifuu huku mwenzake yuko chini anamtafuta.

Bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari ni sheria ya Florida, si pambo. Ifunge kwenye boya, uivute mwenyewe, na usitoke juu mbali nayo. Boti zinapita huko, nyingi. Beba pia kisu kidogo au mkasi, maana wavuvi wa darajani huacha mishipi iliyokatika ikining'inia kwenye nguzo.

Sasa raha yenyewe. Usiogelee kwa haraka. Anayekimbia pale hutoka akisema hakuona kitu. Chagua nguzo moja, tulia nusu mita juu ya mchanga, miguu imekunjwa magotini ili mapezi yasitifue tope. Baada ya dakika chache lile uliloliona jani linageuza jicho: ni farasi wa baharini, mkia kauzungusha kwenye mwani. Kwenye chupa iliyozama utakuta pweza kajipangia magamba ya chaza mlangoni. Tazama, usiguse. Tangu 2018 ni marufuku kukusanya viumbe wa mapambo pale, na binafsi naona sheria hiyo ilichelewa.

Mkimaliza kuna mabomba ya kuoga, suuzeni vifaa hapo hapo. Mwisho wa wiki maji yakijaa mchana fikeni mapema sana, maana nafasi ndefu za maegesho ni za magari ya kuvuta boti, na nyingine huisha kabla hamjashusha mitungi.