Bodi ya nje kwenye mchoro wako: maswali ya wasomaji

Nachora bodi ya kiangulio cha mayai kwenye KiCad, programu ya kuchora saketi. Moduli ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kudhibiti vifaa) ya pini 30 itachomekwa juu yake. Niweke konekta mbili za pini 15? (Kondele, Kisumu)

Hapana. Chora ESP32 nzima: alama moja ya pini 30, futiprinti moja (ramani ya pedi za shaba ambako pini hukaa kwenye bodi) yenye safu zote mbili. Konekta mbili husogea kila moja kivyake. Safu moja ikiteleza milimita 2.54 unapopanga bodi, programu hainung'uniki, maana waya zote bado ziko sahihi. Utajua bodi ikishafika, moduli haiingii.

Upana pima mwenyewe kwa kalipa, katikati ya pini hadi katikati ya pini ya safu ya pili, kwani bodi zinazouzwa kwa jina hilo moja hutofautiana. Kisha chapisha futiprinti kwenye karatasi kwa 1:1, ubonyeze moduli juu yake. Pini zitoboe katikati ya kila pedi, la sivyo rudi ukapime upya. Soketi 2 za pini 15 ziandike kwenye orodha ya vifaa. Husahaulika kila mara.

ERC (ukaguzi wa makosa ya mchoro ndani ya KiCad) inasema pini ya 5V haina chanzo cha umeme, na umeme unatoka USB ya moduli! (Nakuru)

Programu haiioni hiyo USB. Ifanye pini hiyo kuwa ya kutoa umeme, na GND uitie PWR_FLAG, alama inayoiambia programu kuwa umeme unafika hapo. Siku ukiongeza regyuleta (kifaa cha kutuliza volti) ya 5V, ERC itapiga kelele tena, na hapo itakuwa na haki: vyanzo viwili vitasukumana.

Raspberry Pi yangu inaunganishwa kwa waya wa utepe wa pini 40. Nayo niichore nzima? (Kakamega)

Ya utepe, konekta inatosha: 2x20, aina ya Odd_Even, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Ile ya Counter_Clockwise huweka 40 mkabala na 1. Ukiunga kwa kutazama mahali badala ya namba, 5V ya pini ya 2 itaishia pini ya 40, yaani GPIO21, pini ya mawasiliano isiyostahimili zaidi ya 3.3V. Konekta ikikaa chini ya bodi, igeuze kwenye upangaji; namba za mchoro usiziguse.

Bodi yangu ya kupandisha juu ya Arduino Uno inakataa safu moja tu. (Ahero)

Kati ya pini 7 na 8 pana milimita 4.06, si 2.54 kama kati ya pini nyingine. Tumia futiprinti ya Uno iliyomo tayari kwenye KiCad.