Masika, makande na michango: mnauliza, najibu

Mvua imeshika. Mlima Meru umejifunika tangu mwanzoni mwa wiki, Sokoni II hapa Arusha hakupitiki, na maswali yenu yamenimiminikia kama kumbikumbi kwenye taa. Nimeyasoma yote. Mengi yalishajibiwa kwenye vikao vya wazazi vya mwanzo wa muhula, vile ambavyo kinababa huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nayajibu hata hivyo, ila msitegemee upole kwa kila jibu.

Mwalimu, si tuliambiwa elimu ni bure? Mbona natakiwa nipeleke debe la mahindi, sado mbili za maharage na hela ya mpishi? (Baba wa watoto wawili, Sombetini)

Uliambiwa bila ada, baba. Tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada na kupeleka ruzuku shuleni: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikiwa za vitabu na 6,000 zikienda kuendesha shule. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya mwenyewe: ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani na kitasa cha mlango wa choo. Andazi halipatikani kwa hela hiyo, sembuse sahani ya makande. Chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, pamoja na sare na madaftari.

Sasa chukua debe lako. Lina kilo kama 18. Ukilitandaza kwenye siku hizo 194 unapata gramu 90 na kidogo kwa siku, yaani mahindi yanayojaa kiganja. Hakuna anayenenepa hapo.

Upande wa pili nao nausema, maana walimu wakuu wananisoma. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajaleta mahindi. Mchango unakubaliwa na wazazi kikaoni kupitia kamati ya shule, unaombewa kibali, na anayeusimamia ni kamati. Mzazi ana haki ya kuuliza muhtasari wa kikao, risiti ya hela na daftari la stoo. Akiulizwa kwa adabu, mwalimu mkuu asinune.

Na kabla hujafunga hilo debe, lifungue. Kila masika kuna mzazi anayepeleka shuleni mahindi aliyowakataza kuku wake, yameshika ukungu, yananuka. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yakaushwe vizuri, na kwenye stoo ya shule magunia yapandishwe juu ya mbao, yasigusane na sakafu wala ukuta. Nimeingia stoo moja wiki mbili zilizopita, nikaingiza mkono kwenye gunia la chini kabisa, ukatoka na joto na unga wa kijani. Hiyo ndiyo ilikuwa makande ya Jumatatu.

Shule zinafungwa lini? (Wengi)

Kalenda ya mihula imebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu tangu Januari. Pita, piga picha, weka kwenye simu. Msiniulize tena.

Gari la shule linapita korongoni hata mvua ikiwa inanyesha. Nikilalamika naambiwa kama sitaki nimhamishe mtoto. Nifanyeje? (Mama, Muriet)

Mama, hili nalijibu kwa kirefu, na wengine mkae msikilize.

Tarehe 12 Aprili 2024, hapa hapa jijini, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo asubuhi wakienda shule, na watoto wakapotea. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshazika wengine: tarehe 6 Mei 2017, Rhotia kule Karatu, wanafunzi 32 wa darasa la saba, walimu wawili na dereva, basi lilipotumbukia bondeni wakienda kufanya mtihani wa majaribio na wenzao. Misiba yote miwili ni ya masika. Uwanjani siku ya kuaga nilisikia watu wazima wakisema haitajirudia. Mwaka uliofuata nilikuwa naona Hiace zimejaza watoto mpaka kwenye ubao wa katikati.

Makorongo yetu yanadanganya. Mvua inapiga juu mlimani, huku chini jua linawaka, halafu maji yanashuka kwa pamoja. Dereva aliyevuka saa kumi na mbili asubuhi akaona mchanga mkavu anarudi saa mbili anakuta mto. Maji yanayofika magotini na yanakimbia hayana mchezo na gari. Yanainua matairi, na gari likishainuliwa usukani ni pambo. Chini yake huwezi kujua kama barabara bado ipo au ilishakatika usiku.

Unachoweza kufanya ni hiki. Usiende peke yako, maana mzazi mmoja anaambiwa ahame, wazazi kumi na wanne wa gari moja hawaambiwi. Kubalianeni kwa maandishi na mwenye shule kwamba maji yakipita juu ya barabara gari linasimama, watoto wanabaki ndani upande salama, na hakuna mtu atakayemlaumu dereva kwa kuchelewa. Hilo la mwisho ndilo gumu kwenu. Nimekaa kiti cha mbele kwenye gari la shule siku ya mvua. Kati ya Njiro na Moshono simu ya dereva ililia mara tisa: "Uko wapi? Mbona hujafika? Mimi naenda kazini." Mnamkimbiza wenyewe, halafu mnashangaa anavuka.

Hesabuni viti pia. Shule ikigoma kabisa, trafiki wapo na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wapo.

Na wale mnaotaka kuandika "basi bora bodaboda", ngojeni kwanza. Kanuni za pikipiki za abiria zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Ninachokiona kila asubuhi Kijenge ni mshikaki wa watoto watatu, wa mbele amekalia tangi la mafuta, na mama yupo getini anawapungia mkono.

Naruhusiwa kumvalisha mtoto koti juu ya sweta ya shule? Mwalimu wa zamu amemvua. (Mama, Sakina)

Mvalishe. Mwalimu wa zamu mwenyewe siku hiyo alikuwa amevaa koti gani?

Ila andika jina kwenye kila kitu, gambuti hasa. Nilipokuwa nafundisha darasa la kwanza, siku moja baada ya mvua nilibaki barazani na mtoto anayelia, mbele yake gambuti mbili nyekundu, zote za mguu wa kushoto. Mwenzake alikuwa ameshafika kwao Ngarenaro na zile mbili za kulia.

Mwanangu wa darasa la tatu meno yana madoa ya kahawia na wenzake wanamcheka. Nimtafutie dawa gani ya mswaki? (Mama, Usa River)

Hakuna dawa ya mswaki itakayotoa hayo, mama yangu, na usikubali mtu amsugue kwa mchanga wala majivu, atamaliza kinachong'aa na kuacha doa. Hayo ni madini ya floridi kwenye maji yetu ya huku chini ya Meru. Wenyeji wa Maji ya Chai na Ngaramtoni wanalijua hilo tangu enzi za babu zao. Jino la ukubwani linaumbwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijachomoza, na mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi miaka hiyo, linatoka tayari lina doa. Daktari wa meno anaweza kuyafunika akishakua. Kwa sasa mtetee kwa hao wanaomcheka, maana nusu yao wanayo.

Anayeokolewa ni mdogo wake. Kuchemsha maji hakupunguzi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani, kwa hiyo ndiyo kwanza inakolea. Maji ya mvua ndiyo karibu hayana kabisa, na masika haya yanamwagika bure kutoka kwenye bati za madarasa na kuchimba mitaro uwanjani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 20 kwa 8, mvua ya milimita kumi, ambayo Aprili si ya kushangaza, linatoa lita 1,600. Mvua tatu hivi zimekaribia kujaza tangi la lita 5,000. Kinachokosekana ni mfereji wa bati na bomba. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaende, yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Ya pili ndiyo mkinge. Halafu ya kunywa yachemsheni, kwa ajili ya vijidudu sasa.

Kuna jambo hamkuniuliza: magadi. Jikoni kwa shule, mpishi akiona makande hayaivi anatupia magadi, na magadi yetu haya yana floridi kwa wingi. Kwa hiyo tunahangaika na maji, kisha tunairudisha kwenye sufuria. Mahindi na maharage yalowekwe jioni, yatakuwa yamelainika ikifika asubuhi, na kuni zitapungua pia. Nani atamwambia mpishi? Kamati. Kamati inaambiwa wapi? Kikaoni.

Binti yangu ana miaka kumi, ameletewa taarifa ya chanjo. Ni kweli inafunga kizazi? (Mama, Olasiti)

Si kweli. Ni chanjo ya HPV, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Aliyekutumia ile sauti ya WhatsApp muulize kasomea wapi.

Mwalimu wa darasa la nne anatoza shilingi 500 ya twisheni kila siku, na asiyelipa anatolewa nje. Tunaogopa kusema kwa sababu ya mtihani wa mwisho wa mwaka. (Mzazi, Unga Limited)

Nilikuwa mwalimu, mshahara wa mwalimu naujua. Hata hivyo mada ya darasani inafundishwa darasani, saa za kazi, kwa watoto wote. Kuishikilia mpaka jioni ili uiuze ni wizi, hata ukiuita masomo ya ziada. Anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati, kisha afisa elimu kata, kisha ofisi ya elimu msingi ya halmashauri. Nendeni wanne au watano, na mbebe daftari la mtoto anayelipa na la asiyelipa, yawekwe mezani pamoja. Nimeona mwalimu mkuu akinyamaza kabisa baada ya kufunua kurasa mbili.

Upimaji wa darasa la nne unatungwa na Baraza la Mitihani, hautungwi na mwalimu huyo. Hana namna ya kumfelisha mtoto wako.

Ni kweli darasa la saba linafutwa? (Baba, Kijenge)

Elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamalizia la sita mwaka 2027, mwaka ule ule na darasa la saba la mwisho. Makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja, kwa hiyo mkiitwa kuchangia nguvukazi ya madarasa ya sekondari ya kata, msitoe sababu.

Mtoto kaambiwa alete mche wa kupanda shuleni. Mti gani unafaa? (Mama, Moshono)

Usipeleke mkaratusi, unakunywa maji kuliko shule nzima. Peleka mparachichi wa kubebesha, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu minne, au mti wowote wa kivuli. Shimo lichimbwe mapema, lichanganywe na samadi, na mche upandwe sasa ardhi ikiwa imelowa, usingoje Mei iishe.

Tatizo la miti ya shule halijawahi kuwa miche. Kila mwaka inapandwa mistari na mistari, diwani anapigwa picha ameshika koleo, na tukifungua shule Julai vimebaki vijiti. Ni mbuzi. Wenye mbuzi wanajulikana, na watoto wao wanasoma hapo hapo. Waitwe kikaoni.