Mzee kapasuliwa ngiri: lini ashike jembe?

Majibu haya yanamhusu aliyepasuliwa ngiri ya kinena kwa kuchanwa na kuwekewa wavu (kitambaa maalumu cha kuziba na kuimarisha pale ngiri ilipotokea), bila matatizo. Daktari aliyekupasua akisema vingine, mfuate yeye.

Nina miaka 67, leo ni wiki ya pili tangu nipasuliwe. Mvua zimeanza. Nianze kulima lini? (Mkulima, Njombe)

Shikamoo mzee. Jembe lisubiri zitimie wiki 6. Wavu ni imara tangu siku ya kwanza, lakini nyama huchukua wiki kadhaa kuota na kuushika. Mpaka hapo usinyanyue zaidi ya kilo 5, yaani dumu la lita 5 likiwa limejaa. Ndoo ya lita 20 waachie vijana.

Kutembea, usisubiri. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni, uongeze kidogo kidogo. Wapo wanaomlaza mzee kitandani mwezi mzima kwa huruma, na huko ndiko kumuumiza: miguu inaisha nguvu, kifua kinajaa makohozi, damu inaweza kuganda miguuni. Wiki ya 7 anza na palizi ya nusu saa, matuta baadaye. Kuvutwa kidogo si neno. Maumivu yakiendelea hadi kesho yake, umezidisha, punguza.

Baba ana siku 4 hajapata choo, anaogopa kusukuma. Tufanyeje? (Binti yake, Tanga)

Asisukume kweli. Angalieni kwanza dawa za maumivu: tramadol na kodeini hufunga choo. Kama maumivu yamepungua, mwulizeni daktari kama anaweza kubaki na paracetamol peke yake: vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au ugonjwa wa ini hupewa pungufu. Diclofenac iliyobaki kwa jirani msimpe, hasa kama ana presha, figo au vidonda vya tumbo.

Papai, mboga za majani, uji wa dona, na maji ya kutosha (isipokuwa kama amepunguziwa maji kwa sababu ya moyo au figo). Visipotosha, duka la dawa lina laktulosi. Kwa kawaida ni mililita 15 mara mbili kwa siku, na huchukua siku moja au mbili kufanya kazi. Choo cha kuchuchumaa kiwekeeni kiti chenye tundu.

Tumbo likijaa, hewa haitoki na anatapika, hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile mkojo ukigoma: wazee wenye tezi dume hupatwa na hili, na huhitaji kuwekewa mpira wa kutoa mkojo.

Naweza kusujudu? (Unguja)

Anza kwa kuswali kwenye kiti, uiname kwa kichwa. Rudi kwenye mkeka utakapoweza kushuka na kuinuka bila maumivu, mara nyingi baada ya wiki 2 au 3. Kuinama hakuchani wavu. Shida ni kule kuinuka kwa kukaza tumbo. Geukia ubavu, kisha jisukume kwa mikono. Kitandani ni hivyo hivyo, ukitanguliza kushusha miguu. Ukitaka kukohoa, kandamiza kidonda kwa mto.

Kuna uvimbe pale pale. Ngiri imerudi? (Mombasa)

Katika wiki za mwanzo, mara nyingi ni majimaji au damu iliyokusanyika. Haukui ukikohoa wala haupotei ukilala, na hunyonywa wenyewe kwa wiki kadhaa. Usikubali mtu auvute kwa sindano mtaani. Wadudu wakifika kwenye wavu ni balaa. Korodani kuvimba na kuvilia damu wiki ya kwanza ni kawaida, chupi ya kubana husaidia.

Uvimbe unaotokeza ukisimama na kupotea ukilala, mwone daktari kliniki. Kidonda chenye joto, usaha au homa ya nyuzi 38, nenda siku hiyo. Uvimbe mgumu, unaouma na usiorudi ndani, usingoje kuche.

Na mambo ya chumbani? (Hakutaja mji)

Maumivu yakiisha, kwa wengi wiki 2 au 3. Uzito usilalie kidonda.