Maswali ya wasomaji: "Ain't No Sunshine" inatuangusha wapi?

SWALI: Mhariri, bendi yetu hupiga harusini. Wimbo "Ain't No Sunshine" wa Bill Withers una kodi (chords, sauti za gita zinazopigwa pamoja) chache mno, lakini tukifika pale pa "I know, I know" kila mtu anarudi kwa wakati wake. Tunakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pengine mnaogopa ukimya. Isikilizeni tena rekodi ya 1971, kwenye albamu Just As I Am. Pale gita na besi hunyamaza, zikabaki drams na sauti. "I know" inatamkwa mara 26: makundi sita ya nne-nne, kisha mbili za mwisho. Mwimbaji ayahesabu makundi kwa vidole vya mkono usioshika maiki, na avute pumzi kabla ya kuanza, maana katikati hapana nafasi. Mpiga drams asitie madoido; wenzake hawana pengine pa kushika. Wa gita na besi wasihesabu chochote, wasubiri maneno: unakuja mstari wa kumwacha binti huyo, kisha jina la wimbo linarudi, nanyi mnaingia kwenye neno "gone".

Mwanzo una mtego uleule. Hakuna utangulizi. Mwimbaji anaanza mwenyewe, na kodi ya kwanza, Am (A minor), inaangukia "gone", ikifuatwa na Em, G, Am. Basi mpiga gita amgusie uzi wa tano mtupu, bila kuubana, polepole, apate sauti. Kwenye mstari wa kulalamika kwamba mwanamke hukawia mno, pigeni Em kisha Dm. Msitie E7 ili kurudi Am. Itasikika kama tenzi za kanisani. Mwimbaji wa kike akiona wimbo uko chini, fungeni kapo (kibano cha shingo ya gita kinachopandisha sauti) freti ya tatu, vidole vilevile.

SWALI: Eti hizo "I know" zilikuwa za kuziba pengo?

JIBU: Ndiyo. Withers alikusudia kuandika maneno mengine hapo, wanamuziki studioni wakamwambia aache vilevile. Akawasikiliza, maana walikuwa wenye majina: mtayarishaji alikuwa Booker T. Jones, drams Al Jackson Jr., besi Donald "Duck" Dunn, gita Stephen Stills, naye Withers alikuwa bado mfanyakazi wa kiwanda cha vyoo vya ndege. Kikasha cha chakula anachoshika kwenye jalada ni cha kazini. Hata santuri ndogo ya nyimbo mbili ilipotoka, wimbo huu uliwekwa upande wa pili, nyuma ya wimbo wake mwingine, "Harlem". Watangazaji wa redio ndio walioigeuza.